Uongozi wa huduma za afya: Somo ambalo daktari hulisoma akiwa tayari ofisini

DAKTARI anayeteuliwa kuwa Mganga Mkuu wa Wilaya nchini Tanzania hukabidhiwa kwa siku moja mambo ambayo hakuyasomea: bajeti, magari, watumishi, akaunti za benki, mikataba ya ujenzi na maswali ya madiwani. Miaka mitano ya chuo kikuu na mwaka wa mafunzo kwa vitendo vilimwandaa kumtibu mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Wadhifa mpya humtaka aamue, kwa fedha isiyotosha, dawa ifike wapi kwanza na nani asubiri.

Pengo hilo ndilo ambalo mafunzo ya menejimenti na uongozi kwa wataalamu waandamizi wa afya yamekuwa yakijaribu kuliziba kwa miaka mingi. Yapo mafunzo yaliyookoa maisha ya watoto kwa maelfu, na yapo yaliyoishia kwenye cheti kilichotundikwa ukutani. Tofauti kati ya aina hizo mbili imepata kuonekana wazi hapa hapa Tanzania, na sehemu ya ushahidi wake ilikusanywa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Kutoka Kirua hadi KCMC

Kirua Vunjo, mashariki ya mji wa Moshi, imegawanyika katika kata za Magharibi, Mashariki na Kusini. Kata mbili za kwanza ziko juu, katika vihamba vya migomba na kahawa. Ile ya Kusini inateremka hadi tambarare ya Uchira, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Himo.

Mjamzito anayepata uchungu huko juu wakati wa masika hana njia fupi. Huanzia zahanati, au kituo cha afya. Hali ikiwa mbaya hupelekwa Hospitali ya Kilema, inayomilikiwa na Jimbo Katoliki la Moshi, au huteremshwa hadi Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi. Mwisho wa safari ni KCMC, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako wagonjwa hufika pia kutoka Arusha, Manyara na Tanga.

Katika safari hiyo ustadi wa mkunga una nafasi yake. Lakini glovu kuwepo kabatini, gari kuwa na mafuta, mtumishi wa zamu ya usiku kuwepo kazini na barua ya rufaa kusomwa inakopelekwa ni mambo yanayoamuliwa mapema na watu ambao mgonjwa hatawaona kamwe. Watu hao hukaa katika ofisi ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ya mkoa na, mara nyingine, wizarani.

Kazi yao ni ngumu kuliko inavyoonekana. Tafiti zilizofanywa katika mikoa ya Kilimanjaro na Tanga na kuchapishwa mwaka 2005 zilionyesha kwamba maambukizi ya malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima. Kwa halmashauri yenye vijiji vya mlimani na vya tambarare, takwimu moja ya wastani wa wilaya nzima inaweza kumpotosha mpangaji: ikapeleka dawa nyingi mno juu na chache mno chini, huku ugonjwa unaowasumbua watu wa juu ukikosa fungu. Kulibaini hilo kunahitaji mtu anayeweza kusoma takwimu za kituo kimoja kimoja, na aliye na ujasiri wa kubadilisha bajeti iliyozoeleka.

Mji wa mameneja

Inashangaza kidogo kwamba sekta ya afya ilichelewa kulitambua hitaji hilo, kwa kuwa Moshi ni mji uliozoea elimu ya uendeshaji kwa muda mrefu. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963 kuwafundisha makatibu, watunza hesabu na wakaguzi wa vyama, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika. Hakuna aliyedhani kwamba mkulima hodari wa kahawa ni lazima awe meneja hodari wa chama. Hospitalini dhana hiyo hiyo ilikubalika bila kuhojiwa: daktari bingwa ndiye aliyefaa kuongoza.

Sababu moja ni ya kihistoria. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarejeshwa katika miaka ya 1980. Katika kipindi hicho maamuzi makubwa yalitoka juu, na mganga wa wilaya alikuwa mtekelezaji wa maagizo. Mtu asiyekuwa na fedha ya kupanga hahitaji sana elimu ya kupanga.

Hali ilibadilika kwa mageuzi ya miaka ya 1990. Wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za umma mwaka 1993, halmashauri zikapewa jukumu la huduma za afya, na kuanzia mwaka 1999 serikali na wafadhili wakaanza kuweka fedha katika Mfuko wa Pamoja ulioteremka hadi wilayani. Kila halmashauri ikalazimika kuwa na Mpango Kabambe wa Afya, na kila mpango ukahitaji timu ya kuuandaa na kuutetea. Ghafla yule mtekelezaji wa maagizo akawa na kalamu ya kusaini.

Senti themanini za Rufiji

Jaribio kubwa la kuwafunza watu hao wakiwa kazini lilianza mwaka 1996 katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizokuwa na jumla ya watu wapatao 700,000. Mradi huo, uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP, uliendeshwa na Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada, IDRC.

Swali lake lilikuwa rahisi. Benki ya Dunia ilikuwa imedai katika ripoti yake ya mwaka 1993 kwamba nchi maskini zingeweza kupunguza sana vifo kwa fedha kidogo, iwapo fedha hizo zingeelekezwa kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Je, timu ya kawaida ya wilaya, katika nchi iliyokuwa ikitumia takriban dola 8 za Marekani kwa mtu kwa mwaka kwa afya, ingeweza kulifanya hilo?

Ili kujibu, timu zilihitaji kujua watu wanakufa kwa nini. Takwimu za hospitali hazikutosha, kwa kuwa vifo vingi hutokea nyumbani. Hapo ndipo Kilimanjaro inapoingia katika simulizi. Tangu mwaka 1992 mradi mwingine wa wizara, ulioshirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ulikuwa ukifuatilia vifo katika Wilaya ya Hai, magharibi ya Moshi, pamoja na Morogoro Vijijini na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam. Wahesabuji walikwenda nyumba kwa nyumba. Palipotokea kifo, wafiwa waliulizwa kwa utaratibu maalumu dalili alizokuwa nazo marehemu, na madaktari wakakadiria chanzo. Kwa mara ya kwanza kiongozi wa afya wa wilaya ya Tanzania aliweza kuuona mzigo wa magonjwa wa watu wake, wakiwamo wasiowahi kufika hospitali.

Timu za Morogoro zilipoweka picha hiyo kando ya bajeti, kasoro ilionekana bila mhadhara wowote. Malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya mwaka 1996. Si kwamba waliopanga bajeti walikuwa wazembe. Walikuwa wakinakili bajeti ya mwaka uliotangulia, kama ofisi nyingi zifanyavyo, na hakuna aliyekuwa amewapa chombo cha kuwaonyesha vinginevyo.

Mafunzo ya TEHIP hayakuwa kozi ya kusikiliza na kuandika. Yalikuwa ni majedwali, michoro na programu ya kompyuta vilivyomwezesha mganga mkuu, muuguzi mkuu, mfamasia na mhasibu kukaa meza moja na kuona fedha inakwenda wapi. Waliongeza fungu la vyandarua vilivyotiwa dawa na la kuwafunza watumishi wa zahanati kumtibu mtoto kwa kuangalia magonjwa yake yote kwa pamoja, badala ya kushughulikia dalili moja. Vituo vya afya vikapewa kazi ya kuzisimamia zahanati za jirani, vikiwasiliana kwa redio za upepo, ili Mganga Mkuu asilazimike kwenda kila mahali mwenyewe.

Kuna jambo jingine katika mradi huo ambalo halisemwi mara nyingi. Wafadhili walikuwa tayari kutoa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya zilishindwa kuzitumia zote. Walichoweza kukitumia kwa ufanisi ni takriban senti 80. Katika nchi ambako kila hotuba ya afya huanza kwa kulalamikia uhaba wa fedha, iligundulika kwamba uwezo wa kuiendesha fedha nao ulikuwa haba.

Vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano iliyofuata. Haitakuwa haki kuupa mradi sifa yote. Kote nchini vifo vya watoto vilikuwa vikipungua: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008 ulionyesha kupungua kwa asilimia 24 kati ya mwaka 2000 na 2004. Hata hivyo, sababu zilizotajwa na waandishi wake zinaelekea upande ule ule: matumizi ya serikali kwa afya yaliyoongezeka maradufu, na fedha na madaraka vilivyoteremshwa hadi wilayani.

Wanaofundisha

Tanzania haikukosa mahali pa kuwafunza viongozi wa afya. Kituo cha CEDHA mjini Arusha kimekuwa kikiwafunza walimu wa vyuo vya afya na mameneja wa wilaya kwa miongo kadhaa. ESAMI, taasisi ya menejimenti ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika yenye makao yake Arusha, hupokea maofisa waandamizi kutoka mataifa mengi. Mzumbe, iliyopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, ina shahada ya uzamili inayohusu uendeshaji wa mifumo ya afya. Muhimbili inafundisha afya ya jamii, na Moshi yenyewe ina chuo kikuu cha tiba kando ya KCMC tangu mwaka 1997.

Kimataifa nako milango ilifunguka. Kuanzia mwaka 2006 AMREF, kwa kushirikiana na kampuni ya Johnson & Johnson na shule ya menejimenti ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilianza kutoa kozi ya wiki moja kwa viongozi wa taasisi za afya barani Afrika. AMREF si mgeni wa mlima huu. Wazo la kuianzisha lilizaliwa mwaka 1956 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika mazungumzo ya madaktari watatu wa upasuaji, mmoja wao, Michael Wood, akiwa na shamba huko.

Mpango wa Afya Bora, ulioanza mwaka 2011, uliviunganisha vyuo vikuu vya Afrika, Muhimbili na Makerere vikiwamo, na vinne vya Marekani. Ulichukua madaktari pamoja na wauguzi kwa mafunzo ya mwaka mmoja, darasani na katika taasisi zilizokuwa zikifanya kazi. Kuwachanganya madaktari na wauguzi katika darasa moja la uongozi huenda likaonekana dogo. Mtu anayefahamu jinsi kikao cha hospitali kinavyokaa, nani huzungumza na nani huandika, atalipima vinginevyo.

Ethiopia ilichukua njia ya mbali zaidi. Mwaka 2006 wizara yake ya afya, Taasisi ya Clinton na Chuo Kikuu cha Yale walianza kuzijenga upya menejimenti za hospitali, na baadaye ikaanzishwa shahada ya uzamili ya uendeshaji wa hospitali katika Chuo Kikuu cha Jimma. Hospitali zikawa na watendaji wakuu ambao kazi yao ni kuendesha, wakati madaktari wakibaki na tiba. Waziri wa wakati ule, Tedros Adhanom Ghebreyesus, ndiye anayeliongoza Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017.

Tanzania imeendelea kumweka Mganga Mfawidhi katika uongozi wa hospitali, akisaidiwa na Katibu wa Afya. Kada hiyo ya makatibu ndiyo iliyosomea utawala hasa, na ingestahili kusikilizwa zaidi. Katika ofisi nyingi Katibu wa Afya huonekana kama mtu wa majalada na likizo za watumishi, huku maamuzi ya fedha na mipango yakifanywa na watu waliosomea upasuaji.

Posho na uhamisho

Mafunzo yanayoshindwa yana sura zinazofanana. Ya kwanza ni semina ya hotelini. Kiongozi huondoka kituoni siku tano, hulipwa posho ya kujikimu, hurudi na begi na kabrasha. Miradi ya ugonjwa mmoja mmoja iliyofurika katika miaka ya 2000, hasa ya UKIMWI, malaria na kifua kikuu, ilikuja kila mmoja na semina yake na fomu zake, na kuna wakati ilikuwa vigumu kumpata kiongozi wa afya ofisini kwake kwa wiki nzima. Serikali iliyoingia madarakani Novemba 2015 ilizibana safari na semina. Ilipunguza gharama, ingawa pamoja na magugu yaling'olewa na mahindi: mafunzo yenye manufaa nayo yalikosa fungu.

Sura ya pili ni uhamisho. Mganga Mkuu akishaijua wilaya, akajua barabara ipi hukatika masika na diwani yupi huelewa hesabu, huhamishwa. Kilichojengwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja huondoka naye. Ndiyo maana mipango iliyofanikiwa ilifunza timu nzima, mhasibu na mfamasia wakiwamo, ikaacha vyombo vya kazi mezani.

Ya tatu ni kumfunza mtu asiye na mamlaka. Mkutano ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani mjini Accra, Ghana, mapema mwaka 2007 ulizungumzia uongozi wa afya katika nchi zenye kipato kidogo, na ukatoka na masharti manne: wawepo mameneja wa kutosha, wawe na ujuzi, wawe na mifumo inayofanya kazi ya fedha, dawa na taarifa, na wawe katika mazingira yanayowaruhusu kuamua. Kozi hugusa sharti moja tu kati ya hayo. Kiongozi aliyefunzwa vizuri kuagiza dawa, kisha Bohari ya Dawa ikakosa dawa hizo, amefunzwa kuandika barua za malalamiko kwa ufasaha zaidi.

Ngazi ya mwisho

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 suala hili limepata uzito mpya. Katika mwaka huo Tanzania ilianza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya, badala ya kuziacha zikae halmashauri. Mfawidhi wa zahanati ya kijijini, ambaye mara nyingi ni tabibu au muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni, sasa huandaa mpango wa mwaka, huingiza mapato na matumizi katika mfumo wa kompyuta, na hutoa maelezo mbele ya kamati ya wananchi.

Kwa hiyo kazi ya kiongozi mwandamizi imebadilika tena. Zamani alipanga kwa niaba ya zahanati. Leo anatakiwa kuwafundisha wengine kupanga, na kuwatembelea kwa kile kinachoitwa usimamizi shirikishi: kuketi na mfawidhi, kufungua daftari la dawa pamoja, kuulizana kwa nini chanjo zilishuka mwezi uliopita, na kuondoka baada ya kukubaliana hatua moja au mbili. Ziara ya namna hiyo haina uhusiano na ile ya gari kusimama uani, kitabu cha wageni kusainiwa na wakubwa kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Kuifanya vizuri kunahitaji mafunzo, na hakuna shahada ya tiba inayoyatoa.

Kamati za wananchi nazo zinahitaji kufunzwa, japo Kirua Vunjo haianzii sifuri. Wakazi wa Uchira waliunda jumuiya ya watumia maji mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Ujerumani, wakawa na bodi ya kuchaguliwa na maji ya kulipia bombani. Watafiti wa Uingereza walioiandikia mwaka 2006 waliona mafanikio yake, na wakauliza pia kuhusu wale wasiomudu malipo. Wajumbe waliokwisha kubishana hadharani juu ya bei ya ndoo ya maji wanaweza kuisoma taarifa ya fedha ya zahanati, mradi waletewe taarifa hiyo katika lugha wanayoielewa.

Mwaka 2025 uliongeza mtihani mwingine. Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwezi Januari, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi Julai 1. Sehemu kubwa ya kozi, ushauri na magari ya usimamizi katika mikoa mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitegemea mikoba ya namna hiyo. Halmashauri zinazotaka kuendelea kuwafunza viongozi wake wa afya sasa zinalazimika kuandika kasma ya mafunzo katika bajeti zao, na kuitetea mbele ya madiwani ambao wangependa kuona jengo jipya.

Kwa timu ya wilaya yenye vijiji vya mlimani na vya tambarare, kozi ya kwanza isiyohitaji mfadhili ipo tayari. Kila zahanati huandika kila mwezi idadi ya wagonjwa, magonjwa yao na dawa zilizotumika. Zikipangwa takwimu za Uchira upande mmoja na za vijiji vya juu upande mwingine, kisha bajeti ikawekwa kando yake, timu itakuwa na la kujadili kwa zaidi ya asubuhi moja.